Kukusanya Masimulizi ya Watu wa Kawaida: Mwongozo kwa Anayetaka Kusafiri Tanzania

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliyoyaona katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hesabu ya umri inaonyesha kwa nini kazi ile haikuweza kusubiri: kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa amefika miaka 78 wanafunzi walipobisha hodi kwake, na kama wangechelewa miaka kumi wangekuta makaburi. Leo tumefika mahali hapohapo kwa kizazi kingine. Aliyezaliwa mwaka 1950, akaenda kuchimba tuta la reli ya TAZARA akiwa na miaka 20, sasa yuko katika miaka ya sabini na kitu. Mama aliyehamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974 akiwa na mtoto mgongoni sasa ni bibi mwenye vitukuu, na waliomsikiliza akisimulia safari ile ni wajukuu wake tu, kama walipata nafasi ya kumsikiliza.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu mmoja, au wawili, wanaotaka kufunga safari kwa nauli yao wenyewe, wakae na watu ambao majina yao hayajawahi kuandikwa popote isipokuwa katika daftari la wakazi na kadi ya kliniki, kisha warudi na masimulizi ya maisha yatakayowatia nguvu wengine. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na hatua ninazozieleza hapa nimezipanga kwa kufuata namna safari yenyewe inavyokwenda.

Kuna jambo moja ambalo ni heri lisemwe kabla ya hatua yoyote, kwa sababu linabadilisha kila kitu kinachofuata. Ukimwomba mtu akupe simulizi la kutia moyo, atakupa hotuba. Atajiona yuko mbele ya mgeni rasmi, atasema vijana wajitume na wasikate tamaa, na utaondoka na maneno ambayo ungeweza kuyasikia katika mkutano wowote. Ukimwuliza alivyovuka mto siku ile daraja lilipochukuliwa na maji, ukamwacha aeleze alimbeba nani kwanza na alirudi mara ngapi, utapata simulizi ambalo msomaji ataliweka moyoni bila kuambiwa kwamba linatia moyo.

Hatua ya kwanza: Chagua uzi mmoja

Tanzania ina mikoa 31, Bara na Zanzibar, na eneo linalozidi kilomita za mraba 940,000. Anayesema atazunguka nchi nzima kwa miezi miwili hufika kila mahali asikae popote, na masimulizi anayorudi nayo ni yale ambayo mwenyeji humpa mgeni mwenye haraka: mafupi, yaliyosafishwa, yanayofanana. Ni afadhali uchague uzi mmoja unaopita katika maisha ya watu wengi, kisha uufuate hadi mwisho wake.

Reli ya TAZARA ni uzi wa namna hiyo. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kilomita 975 kati ya hizo ziko Tanzania. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mikono ya vijana waliotoka karibu kila pembe ya nchi, wakifanya kazi pamoja na Wachina, na baadhi yao hawakurudi makwao: waliishia kuoa na kujenga katika miji iliyokua pembeni mwa stesheni. Kipande kinachopanda kutoka Mlimba hadi Makambako, penye mahandaki na madaraja mengi, ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vingine, na kwa sababu hiyohiyo ndicho ningekuambia ukae muda mrefu zaidi. Lakini usiishie kwa wajenzi. Kuna karani wa stesheni aliyepiga kengele kwa miaka thelathini, kuna mama anayewauzia abiria mchele na ndizi dirishani na ambaye mama yake alifanya hivyohivyo, na kuna mwanamke aliyebaki kijijini na watoto wakati mume wake yuko kambini. Treni yenyewe ni mahali pa kusikiliza, kwa kuwa safari ni ndefu na watu wa behewa moja huzoeana kabla ya usiku kuingia. Uthibitishe tu ratiba stesheni, maana hubadilika.

Wengine wangeweza kufuata mkonge wa Tanga, zao lililoletwa mwaka 1893, ambalo mashamba yake yalivuta vibarua wa mkataba, waliojulikana kama manamba, kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na kwingineko. Wajukuu wao bado wanaishi Korogwe na Muheza, na wengi wao wanajua jina la mahali babu alikotoka bila kuwahi kupaona. Wengine wangefuata mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, ambako wanawake walianza kulima mwishoni mwa miaka ya 1980, wakapata fedha zilizokuwa zao wenyewe, na sasa wanaona bahari yenye joto ikiua kilichowainua. Chagua uzi ambao una sababu yako binafsi ya kuujali, kwa sababu wasimulizi watakuuliza sababu hiyo, na jibu lisilo la kweli hutambulika mara moja.

Hatua ya pili: Pima majira

Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya na Ruvuma, watu wako shambani tangu Novemba hadi Aprili, na barabara nyingi za vumbi huwa tope. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Septemba, kuna chakula ndani, kuna harusi na ngoma, na mzee hana sababu ya kukukatalia saa mbili za mazungumzo. Pwani na kaskazini uepuke masika ya Machi hadi Mei. Katika mwezi wa Ramadhani usimchoshe mfungaji mchana. Nenda jioni baada ya futari, kama umealikwa. Kwa wakulima wa mwani kalenda ni ya bahari: wakati wa bamvua maji hukupwa sana na wanawake wako shambani kwao baharini, kwa hiyo nenda ukawatazame na kuwasaidia kubeba, na mazungumzo yasubiri maji mafu, wanapokuwa nyumbani.

Kuhusu fedha, nitasema jambo moja tu. Watu hupanga nauli, chakula na gesti, wakasahau kupanga siku za kukaa bila kufanya lolote linaloonekana. Kwa kila siku ya kurekodi tenga siku nyingine ya kuwa mgeni tu.

Hatua ya tatu: Barua na vibali

Uandae barua ya ukurasa mmoja inayosema wewe ni nani, unakusanya nini, yatatumika wapi, na namba yako ya simu. Kijijini ofisi ya kwanza ni ya mtendaji wa kijiji, pamoja na mwenyekiti. Mjini ni mtendaji wa mtaa. Zanzibar ni sheha. Usianze kuzungumza na watu kabla ya kusaini kitabu cha wageni, hata kama una ndugu pale, kwa sababu mgeni anayeuliza maswali bila kujitambulisha huwatia wenyeji wake katika matatizo ambayo yeye hatakuwepo kuyaona.

Kama kazi yako ni utafiti, kibali hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kama unakwenda kama mwandishi wa habari, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inakutaka uwe na ithibati. Kama unakusudia kuchapisha mtandaoni, waulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, mapema iwapo kazi yako inaangukia chini ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake. Na kwa vyovyote vile, sauti, jina na picha ya mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kuzikusanya na kuzitunza. Usipige picha kambi za jeshi. Kwa madaraja, stesheni na bandari omba ruhusa ya wahusika kwanza.

Hatua ya nne: Vifaa

Simu nzuri inatosha kuanzia, lakini nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, kwa sababu sauti ya mzee anayeongea polepole huzama haraka chini ya kelele za kuku na pikipiki. Kinasa sauti kinachotumia betri za kawaida kina faida moja kubwa: betri hizo zinapatikana katika duka la kijiji. Rekodi katika mfumo wa WAV kama kifaa kinaruhusu. Saa moja ya sauti ya stirio huchukua kama megabaiti 600, kwa hiyo beba memori kadi mbili au tatu na chaji ya ziada. Kabla ya kuanza, zima mtandao wa simu ili isiite katikati ya maneno. Beba daftari, kalamu mbili na tochi. Kamera kubwa iache nyumbani katika safari ya kwanza.

Hatua ya tano: Kuingia

Siku ya kwanza kinasa sauti kibaki ndani ya mfuko. Salimia, tena usisalimie ili upite: baada ya shikamoo na marahaba kuna habari za nyumbani, za shamba, za watoto, za safari, na kila moja ina jibu lake linalostahili kusubiriwa. Jifunze salamu ya mahali unapokwenda, mwangaluka kwa Wasukuma asubuhi, kamwene kwa Wahehe, mbukwenyi kwa Wagogo, hata kama hutaelewa kinachofuata baada yake. Uulize pia kama kabila lako na la wenyeji ni watani. Mngoni anayefika kwa Wahehe ana mlango uliokwisha kufunguliwa kabla hajazaliwa, na maneno ambayo mgeni mwingine angeyasubiri kwa siku tatu yeye huambiwa katika dakika kumi za kutaniana.

Mtendaji atakupeleka kwa watu anaowaona wanafaa, na mara nyingi ni walewale: mkulima wa mfano, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa zamani. Wasikilize kwa heshima, maana wana mengi, kisha mwulize kila mmoja wao swali hili: ni nani hapa ambaye anajua jambo hili kuliko wewe, na hajawahi kuulizwa? Majina yatakayojirudia kwenye majibu yao ndiyo yatakayokuwa safari yako.

Mbali na hayo, kaa mahali ambapo watu hukaa. Pwani kuna kijiwe cha kahawa na bao. Bara kuna mnada wa kila wiki, mashine ya kusaga, kivuli cha mwembe karibu na ofisi. Wanawake huwapati huko, au huwapati wakiwa na nafasi ya kusema. Waombe wanakikundi wa vikoba wakuruhusu uwepo siku yao ya kukutana, na kama wewe ni mwanamume mtafute mwenzako mwanamke wa kwenda naye. Msiba ukitokea ukiwa kijijini, nenda, kaa chini na wenzako, toa rambirambi, na usimwulize mtu swali lolote la kazi yako hadi matanga yaishe.

Hatua ya sita: Ridhaa

Fomu yenye mistari mingi humtisha asiyesoma na humchosha anayesoma. Mimi huomba kwa mdomo, kinasa sauti kikiwa kimewashwa, kwa maneno ambayo unaweza kuyarekebisha: "Mama, naomba ruhusa yako kwa mambo matatu, na kila moja unaweza kulikataa peke yake. La kwanza, kurekodi sauti yako. La pili, kuandika maneno yako watu wengine wayasome. La tatu, kutaja jina lako na mahali unapoishi. Ukisema neno ambalo baadaye hulitaki, niambie nilitoe, leo au hata nikishaondoka. Namba yangu ni hii." Kisha ueleze kwa ukweli kwamba kikishachapishwa mtandaoni hakitoweki kabisa hata ukikifuta. Watu wengi hukubali mawili ya kwanza wakasita katika la tatu, na kusita huko ni jibu tosha. Kwa mtoto, uombe ruhusa ya mzazi au mlezi na ya mtoto mwenyewe.

Kuna masimulizi ambayo hata ruhusa ya msimulizi haitoshi kuyachapisha yalivyo. Mtu mwenye ualbino, au bibi aliyewahi kutuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni, anaweza kukusimulia kwa ujasiri mkubwa namna alivyosalimika. Na wewe, unayejua kwamba watu wa namna yake wameshambuliwa na kuuawa nchini mwetu, una wajibu wa kuondoa jina la kijiji, ukaondoa na mlima unaoonekana nyuma yake kwenye picha. Mgogoro wa ardhi unaoendelea nao ni vivyo hivyo.

Hatua ya saba: Mazungumzo

Tafuta mahali palipo mbali na bati. Niliwahi kumrekodi mzee mmoja kwa saa nzima kibarazani, mvua ikaanza alipofika kwenye kifo cha rafiki yake kambini, na katika rekodi ile hakuna kinachosikika isipokuwa mvua. Kesho yake nilimwomba arudie, akakataa kwa upole, akasema lile alikwisha kulisema. Tangu siku hiyo naangalia mawingu kabla ya kuangalia betri.

Omba mkae wawili, au wewe, yeye na mkalimani. Mtoto mkubwa akiwepo atamsahihisha mama yake tarehe, jirani akiwepo kutakuwa na mambo yasiyosemwa, na kiongozi wa kijiji akiwepo utasikia shukrani kwa serikali. Kwa sababu hiyo kiongozi asiwe mkalimani wako. Wazee wengi vijijini, na hasa wanawake, hujieleza katika Kiswahili kwa sentensi fupi za ofisini, lakini katika Kisukuma au Kigogo ni mafundi wa maneno. Waache waseme kwa lugha yao mwanzo hadi mwisho bila kukatishwa kwa tafsiri ya kila sentensi, na tafsiri mwifanye baadaye kwa kusikiliza rekodi.

Usianze na mwaka wa kuzaliwa. Anza na siku moja ya kazi: siku ya kwanza ulipokwenda kulima mwani, mama, nani alikuita, ulivaa nini, ulibeba nini mkononi? Siku ya kwanza ulipofika kambini, mzee, ulilala wapi, na chakula cha kwanza kilikuwa nini? Mtu akishaona kwamba unataka kujua alilala wapi, hujua kwamba hukuja kuchukua hotuba.

Miaka nayo itakuja kwa njia yake. Uwe na ukurasa mmoja kwenye daftari wenye kalenda ya matukio ambayo watu huhesabia maisha yao: Uhuru, Desemba 1961, Mapinduzi na Muungano, 1964, Azimio la Arusha, 1967, operesheni ya vijiji, ambayo katika maeneo mengi ilikuwa 1974, vita vya Kagera, 1978 na 1979, miaka ya foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996, mvua za El Nino, 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999. Badala ya kuuliza mwaka, uliza kama ilikuwa kabla au baada ya vijiji, na kama mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha kuzaliwa. Uongeze matukio ya mahali penyewe, kwa kuwa kila kijiji kina mwaka wake wa njaa, wa nzige au wa mafuriko ambao haumo katika vitabu.

Vitu huamsha kumbukumbu kuliko maswali. Omba kuonyeshwa kadi ya kazi, picha ya harusi, jembe lililochakaa, kanga aliyozawadiwa, pamoja na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Bibi mmoja aliyekuwa amenijibu kwa neno mojamoja asubuhi nzima alifungua sanduku kunionyesha kanga moja, na hadi adhana ya adhuhuri alikuwa hajanyamaza.

Kuhusu maswali ya kufuatilia, mawili yananitosha karibu kila mara: "Ilikuwaje?" na "Ukafanyaje?" Swali ambalo ningekushauri uliache kabisa ni "Ulijisikiaje?", kwa sababu jibu lake ni "vibaya" au "vizuri", na baada ya hapo mlango umefungwa. Mwulize alifanya nini mikono yake ilipotetemeka, na atakuambia alivyojisikia. Msimulizi akifika kwenye "ndiyo dunia" au "tukamshukuru Mungu" au methali yoyote, mara nyingi amefika kwenye jambo zito akalifunika. Usimlazimishe alifunue. Nyamaza kwa muda wa pumzi kumi, ukitazama chini. Kama anataka kuendelea ataendelea, na kama hataki atakuuliza kama umeonja viazi vya huku. Akilia, zima kifaa, usimwache mpaka mmezungumza mambo mengine, na umwulize mwenyewe kama sehemu hiyo ibaki.

Saa moja na nusu inatosha kwa siku. Omba kurudi kesho, kwa sababu usiku msimulizi hukumbuka, huwauliza wenzake, hutafuta picha aliyodhani imepotea, na mazungumzo ya pili karibu siku zote huyazidi ya kwanza. Wengi wanaokusanya masimulizi huondoka baada ya mara moja, nami naamini hapo ndipo wanapoyaacha yaliyo bora.

Simulizi halinunuliwi, kwani anayeahidiwa fedha hutafuta kusema kinachostahili fedha. Lakini muda wa mtu una thamani: kijana wa bodaboda aliyekaa nawe saa mbili amepoteza abiria, na mama lishe amefunga jiko. Mwishoni, bila kuahidi mwanzoni, mpe kifuta jasho kinacholingana na alichokosa, au sukari na sabuni kwa nyumba iliyokupokea, na ufanye hivyo kwa kila mtu kwa kiwango kimoja, maana kijiji kizima kitajua.

Hatua ya nane: Jioni ya siku hiyohiyo

Nakili rekodi zote mahali pengine kabla ya kulala, na nakala mbili zisikae katika mfuko mmoja. Majina ya mafaili yawe na tarehe, mahali na namba tu. Orodha inayounganisha namba na majina ya watu iandike kwenye daftari jingine. Kisha andika, kabla hujasahau, vitu ambavyo kinasa sauti hakikuvisikia: chumba kilikuwaje, alitazama wapi alipotaja jina la mumewe, nani alipita akasalimia na mazungumzo yakabadilika.

Hatua ya tisa: Kunukuu na kuandika

Saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne hadi sita kuiandika neno kwa neno, na zaidi kama kuna tafsiri. Usimpe mtu mwingine kazi hii katika masimulizi yako ya mwanzo, kwa sababu ni hapo unaposikia ulipomkatiza msimulizi, na ulipoacha swali lililokuwa wazi kabisa.

Unapohariri, unaweza kupanga upya na kupunguza marudio, lakini usimvalishe msimulizi Kiswahili chako. Mpemba abaki Mpemba, na mtu wa Makunduchi abaki na maneno ya Makunduchi, ukimweleza msomaji pembeni neno lisiloeleweka. Tarehe na majina ya matukio ya umma yahakiki. Zikitofautiana na kumbukumbu yake, acha maneno yake na uweke maelezo mafupi chini. Kishawishi kikubwa kitakuwa mwisho wa simulizi. Utataka mjane aliyesomesha watoto watano kwa kuuza vitumbua aishie kwenye mahafali, hali yeye mwenyewe alimalizia kwa kusema kwamba mtoto wa tatu hapigi simu. Acha mtoto wa tatu abaki. Msomaji aliye na tabu yake mwenyewe haamini maisha yaliyonyooka, na ni huyo ambaye umesafiri kwa ajili yake.

Hatua ya kumi: Kurudi

Kabla ya kuchapisha, msomee msimulizi simulizi lake kwa sauti, kwake nyumbani ukiweza, kwa simu usipoweza. Niliandika wakati mmoja kwamba mama fulani aliachwa na mume akiwa na watoto wadogo, kwa kuwa ndivyo nilivyoelewa. Nilipofika kwenye sentensi hiyo alininyooshea kiganja. "Sikuachwa," alisema. "Niliondoka." Nilirudi kusikiliza rekodi, na kweli alikuwa amesema niliondoka, mara mbili. Ilinibidi niandike upya kurasa nne, kwa sababu kila kilichofuata nilikuwa nimekiegemeza kwenye neno ambalo si lake.

Baada ya marekebisho mwachie nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa, na sauti yenyewe kwenye memori kadi ambayo wajukuu wataisikiliza kwenye simu. Nakala nyingine, kwa ruhusa yake, ipeleke maktaba ya shule ya kata, na uzungumze na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, au na Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani kwa masimulizi ya visiwani, kuhusu namna ya kuhifadhi rekodi. Andika katika daftari lako tarehe uliyomrudishia kila mtu la kwake, na kwa wale ambao nafasi hiyo bado iko wazi, anza kupanga nauli.